Nchi Isiyokuwemo Kwenye Bendera

Binti yangu alirudi kutoka shule na purjo. Purjo ni kile kitunguu kirefu chenye majani ya kijani ambacho hapa Stockholm huwezi kukificha kwenye mfuko, lazima kichungulie. Mwalimu wao wa Kiingereza aliwagawia nchi zinazounda Uingereza, na kila mtoto alete kitu cha kuitambulisha nchi yake mbele ya darasa. Rafiki yake kapata Uskoti, anatafutiwa sketi ya miraba. Wangu kapata Wales, kaambiwa alete kitunguu. Akakilaza kwenye kibao cha kukatia, akakata mizizi iliyokuwa na udongo, na harufu ikapanda jikoni.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kazini hospitali, Flemingsberg, miguu inawaka, nasubiri maji ya chai yachemke. Ninyi wa rika langu mnajua jinsi kitu kidogo kinavyoweza kumvamia mtu nyumbani kwake mwenyewe bila kupiga hodi.

“Mamma, varför just purjolök?” akaniuliza kwa nini kitunguu hiki na si kingine. Huyu mtoto namsemesha Kiswahili tangu akiwa tumboni, naye ananijibu Kiswidi tangu alipoota meno.

“Wanasema askari wao wa zamani walijichomeka purjo kofiani ili watambuane vitani,” nikamwambia. “Na England ni waridi. Uskoti ni mbaruti. Ireland ya Kaskazini ni lile jani dogo la pande tatu.”

Akaacha kisu, akashangaa nimeyajuaje yote hayo. “Hur vet du allt det där?”

“Nimejua hayo tangu nikiwa mdogo kama wewe.”

Akataka kujua nani alinifundisha, na kwa nini. Nikamwambia chai yangu inapoa, ingawa maji yalikuwa hata hayajachemka, nikatoka kwenye roshani. Nilisimama pale na baridi mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu sikutaka mtoto anione nikilia kwa ajili ya kitunguu.

Nilipokuwa mdogo kama yeye tulikuwa tukiishi Akalla, pembezoni mwa Stockholm, mimi na mama, huko ambako reli ya buluu inaishia na mtu akisinzia kwenye treni hana hofu ya kupitilizwa. Baba alikuja Sweden kusoma, akamaliza, akapata kazi na uraia, akamleta mama kutoka Same, wakanizaa mimi. Kisha kazi ikaisha na akaanza kusema Kiswidi kimemshinda. Uingereza ndiko kwa kwenda, alisema, maana Kiingereza tayari anacho. Alikuwa na kazi ya kuhudumia wazee huko inayomsubiri. Anatangulia, anatafuta nyumba, anatuita. Ni nani kati yetu hajawahi kusikia neno hilo, anatangulia? Nyumba nyingi za watu wetu zimejengwa juu yake, na nyingine zimebomokea hapo hapo.

Kitu cha kwanza alichotutumia kilikuwa kitambaa. Cheupe, kizito, cha kitani, kimepigwa chapa ya bendera ya Uingereza katikati, na kila pembe ina mmea wake na jina la nchi chini yake. Waridi jekundu. Mbaruti wa zambarau. Jani la pande tatu. Na pembe ya chini kabisa, purjo, mizizi yake na yote. Mama alikipiga pasi pande zote mbili, akakipigilia misumari ukutani juu ya kochi, chini ya picha yao ya harusi. Wageni walipokuja walikisifu. Mama alikuwa akisimama kando yake mikono ameifumbata mbele, kama mtu anayepigwa picha studio.

Aliyeharibu mambo ni Anti Njeri. Huyu alikuwa Mkenya wa ghorofa ya chini, rafiki pekee wa kweli aliyekuwa nao mama, aliyesomeshwa na masista huko Nyeri mpaka Kiingereza kikamganda mdomoni. Aliingia siku hiyo, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akicheka kama alivyocheka kila siku, kwamba sisi Watanzania tutachoka lini na heshima zetu. Kisha akakiona kitambaa.

“Aki, Mama Neema! Hiyo umeweka kwa ukuta ni ya kupanguza vyombo!”

“Ya vyombo?” mama akasema. “Vyombo si vinakaushwa na jua?”

“Jua gani, hapa Akalla?”

Mama hakucheka. Kwao vyombo vilioshwa vikaanikwa kichanjani nje, na hata hapa alivipanga kando ya sinki vikauke vyenyewe. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaochora nchi zao, na maua yao, na bendera yao, kisha wakafutia masufuria. “Kimetoka kwa mume wangu,” akasema. “Hakikaushi sahani ya mtu.” Na Anti Njeri, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, siku ile aliufunga.

Baba alikuwa akipiga simu Jumapili, tukishatoka kwenye ibada ya Kiswahili. Mama aliongea kwanza, akiwa bado na gauni lake la kanisani, kisha akanipa mimi. Jumapili moja nilimuuliza anakuja lini kutuchukua. Akacheka kidogo. Akaniuliza kama nakijua kitambaa alichotutumia. Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi zijue nchi zote nne, na alama zake, na mambo ya watu wake. Ukizijua vizuri, nakuja kukuchukua wewe na mama yako.”

Mtu mzima angejua kwamba hayo ni maneno ya kumtuliza mtoto. Mimi niliyachukua kama agizo la daktari. Niliamini kwamba mpakani kuna ofisa anayekaa juu ya kiti kirefu, na kwamba anauliza maswali, na kwamba nikikosea mimi, mama naye atarudishwa. Yote yalikuwa mabegani mwangu. Sikumwambia mama kwa sababu nilimwona tayari ana yake ya kumtosha.

Nikaenda kwa Anti Njeri. Yeye alifurahi kupata mwanafunzi. Alinikalisha jikoni kwake, akanimiminia chai ya maziwa, akaanza. Kwanza alinishtua kwa kuniambia kwamba ile tunayoiita Uingereza, kama vile ni nchi moja, ni nchi nne zilizofungwa pamoja, na kwamba ukimwita mtu wa Uskoti Mwingereza anaweza kukukasirikia mpaka jioni. England ina waridi na simba watatu. Uskoti ina mbaruti, na mnyama wao ni farasi mwenye pembe moja. Nikauliza farasi huyo anapatikana wapi. Akasema hapatikani popote, ni wa hadithi. Na mbaruti nilikuwa naujua kutoka kwenye Biblia ya mama, ule usiozaa tini, nikashangaa nchi nzima kuchagua mmea uliosemwa vibaya na Yesu.

“Na Wales?” nikauliza. Wales ndiko alikokuwa baba, katika mji mmoja wa bandari.

“Wales wako na purjo. Na dragon, joka jekundu.”

“Joka lenyewe lipo?”

“Pia hiyo ni ya hadithi.”

Nilirudi nyumbani na huzuni. Wenzao waridi, wao kitunguu. Wenzao simba, wao kitu kisichokuwepo. Nilimwona baba yangu peke yake katika nchi iliyofika imechelewa wakati vitu vizuri vinagawiwa. Nilipomwambia mama, alisema angalau mwenye kitunguu hatalala njaa, na siku iliyofuata akanunua purjo, akaipika na viazi. Tulikula tukiwa tumekaa chini ya kitambaa. Nyumba nzima ilinukia purjo mpaka kwenye makoti, na mama akasema, “Sasa hivi baba yako naye ananusa hii hii.” Alikuwa na furaha siku ile. Naikumbuka sana kwa sababu haikuja nyingine.

Anti Njeri alinifundisha pia adabu zao. Usiseme nipe, sema ningeomba. Simama kwenye foleni hata kama mko wawili. Mtu akikukanyaga, wewe ndiye uombe radhi. Nilifanya mazoezi kwenye duka la matunda pale kituoni, nikimwomba radhi muuzaji kila aliponirudishia chenji, mpaka akamuuliza mama kama niko mzima.

Mama naye alikuwa akijiandaa kwa njia yake. Alitoa sanduku jekundu chini ya kitanda akapanga nguo zetu zote humo, tuwe tayari. Kila asubuhi alilifungua, akanitolea nguo za shule, akalifunga. Jioni alifua, akakausha, akapiga pasi, akazirudisha sandukuni. Kabati likabaki tupu, hanga zinagongana ukilifungua. Sufuria kubwa alimgawia mama mmoja wa kanisani. Mapazia aliyateremsha. Tuliishi katika nyumba yetu kama wasafiri waliokaa stendi, na kila nilipomtazama mama amekaa kwenye ukingo wa kochi, hajaegemea, nilianza upya kukariri alama zangu. Nilijiambia ni mimi ninayechelewesha.

Jumapili moja nikawa tayari. Nilisimama wima mbele ya simu nikamtajia baba vyote, nchi na miji yake mikuu, waridi, mbaruti, jani, purjo, simba, farasi mwenye pembe, joka, foleni, chai, radhi. Mama alisimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, na nilipomaliza akanibana kwa nguvu. Upande wa pili, nyuma ya baba, nilisikia mtoto mdogo anacheka, kile kicheko cha mtoto anayetekenywa.

“Baba, nani anacheka?”

“Ni wazee wa hapa kazini,” akasema. “Mtu akizeeka sana, Neema, anarudi utotoni.”

Niliamini. Nilifurahi hata, kwamba baba anawachekesha wazee. “Kwa hiyo unakuja?” nikauliza.

“Umefanya vizuri sana. Sasa bado bendera. Jifunze bendera imetengenezwaje.” Akasema kadi yake ya simu inaisha.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Mama alikaa na gauni lake la kanisani mpaka wakati wa kulala. Nyingine pia hakupiga. Mama akampigia, simu ikaita, ikaita. Akaanza kutokula. Alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye shule moja huko Kista, anapakulia watoto wa watu chakula mchana kutwa, kisha anarudi anakaa mbele ya sahani na kuizungusha. Uso wake ulipungua. Mimi nikakimbilia kwa Anti Njeri kama mtu anayekimbilia zahanati. “Anti, nifundishe bendera leo. Leo hii.”

Alitumia vijiko na visu vya mezani. Akapishanisha visu viwili, kimoja wima, kimoja kimelala. “Huu msalaba mwekundu ni wa England.” Akaweka vijiko viwili kwa mshazari. “Huu mweupe ni wa Scotland, na chini yake ile rangi ya buluu.” Akaweka vijiko vingine juu ya vile. “Huu mwekundu mwembamba ni wa Ireland. Ukiunganisha yote, umepata bendera.”

Nikangoja. “Na wa Wales?”

Anti Njeri alitazama vijiko vyake kama mtu aliyepoteza kimoja. “Wales hawamo,” akasema. “Hapo kale walikuwa wamehesabiwa ndani ya England, kwa hivyo wakati wa kuunda bendera hakuna mtu aliwakumbuka.”

Kwa hiyo ndiyo sababu! Baba yangu alikuwa mahali ambapo hapahesabiwi. Anapiga simu haifiki, anaomba ruhusa ya kutuchukua, wanatazama kwenye bendera, hawamwoni. Nilipanda ngazi kwenda kwetu nikilia kwa sauti. Mama alikuwa bado kazini. Nje giza lilikuwa limeshaingia, lile giza la majira ya baridi linaloanguka wakati watoto wanatoka shule, na nyumba haikuwa na mapazia. Nilichukua kalamu nene nyekundu ya kuandikia mabango, nikapanda juu ya kochi, nikachora joka katikati ya bendera.

Sikuwa najua kuchora. Lilitoka kama kenge aliyevaa mabawa. Lakini nililijaza rangi lote, nikasugua kalamu mpaka ikaanza kukauka, mpaka pale misalaba inapokutana pasionekane kitu ila joka. Kila nilipopitisha kalamu nilisema moyoni, sasa yumo. Sasa yumo. Kisha nikakaa chini kungoja simu.

Waliofika ni mama na Anti Njeri, pamoja. Anti hakucheka nilipomwamkia. Alimwambia mama waende jikoni, wakaacha mlango haujafungika. Nikamsikia anasema ana binamu huko Wales, wanasali kanisa moja na baba yangu. Huyo binamu amemwona baba mara nyingi. Anasema baba ana mke mwingine huko, na mtoto wa kutembea, na akiulizwa anasema huku Sweden hakuacha mtu. “Nilikuwa nangoja nijue ni ukweli,” akasema Anti Njeri, na sauti yake ilikuwa inalia. “Nisamehe, Mama Neema. Singeweza kukuona na hiyo sanduku tena.”

Nikasikia kiti kinasukumwa. Alikuja sebuleni moja kwa moja kwenye ukuta, mkono umenyooka kukirarua kile kitambaa, akaliona joka.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi, mama.”

“Ni nini?”

“Ni Wales. Hawakuwemo kwenye bendera. Nimemwingiza baba, ili aweze kuja.”

Nilitegemea kofi. Ningelipokea kwa furaha, kwa sababu kofi lina mwisho. Mama alikaa sakafuni, pale pale, akiwa na koti na viatu vyake vyenye theluji, akalia namna ambayo sijawahi kusikia mtu analia, bila machozi kwanza, mdomo wazi, kama anayetafuta pumzi. Anti Njeri alimshika kwa nyuma. Mimi nilisimama juu ya kochi na kalamu mkononi. Niliogopa kwamba atakufa na kwamba nitabaki na joka langu katika nyumba isiyo na mapazia.

Hakufa. Aliinuka, akavua koti. Akang'oa misumari ya kitambaa kwa vidole, wa mwisho ukamchana. Akaenda kwenye sinki, ambako vyombo vya siku nyingi vilikuwa vimerundikana, akafungua maji ya moto, akaosha sahani ya kwanza. Akanigeukia akanipa kitambaa.

“Kausha.”

Nilitikisa kichwa. Nilimwambia kile ni cha baba, kile hakikaushi sahani.

“Kausha, mwanangu,” akasema. “Ndiyo kazi yake.”

Nikakausha. Anti Njeri aliosha masufuria, mama sahani, mimi nikakausha mpaka kitambaa kikalowa chote, waridi na purjo, na joka likavuja wekundu kwenye bakuli jeupe ikabidi lioshwe upya. Kesho yake nikakuta nguo zangu zinaning'inia kabatini.

Hatukumwona tena baba. Nilipokuwa mkubwa nikajifunza jambo ambalo hata Anti Njeri hakuwa amenifundisha, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Miaka ile Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, na mwenye pasipoti ya Sweden alipanda ndege tu akaenda Uingereza akakaa. Sisi tulikuwa nazo, mimi na mama, zimo kwenye mfuko wa lile sanduku. Hakukuwa na ofisa juu ya kiti kirefu. Hakukuwa na swali hata moja. Mlango ulikuwa wazi, na baba alimpa mtoto wake alama za kukariri ili mtoto asiusukume. Nimejaribu kumsamehe, na siku nyingine huwa naweza. Siku ya purjo sikuweza.

Niliporudi ndani binti yangu alikuwa amefungua kompyuta, anaitazama bendera, paji la uso limekunjamana. “Mamma, Wales är inte med! Hawamo kabisa. Si haki!”

“Najua,” nikasema.

Mama alipofariki nilichukua vitu vichache nyumbani kwake, kimojawapo kile kitambaa. Sasa nikavuta droo ya jikoni kwangu, nikakitoa. Kitani kimekuwa chembamba, maua yameshafifia mpaka lazima uambiwe kwamba yalikuwa maua, na bendera ni kivuli tu. Joka limebaki, rangi ya waridi sasa badala ya jekundu, na mabawa yake mabaya. Mtoto akakinyoosha mezani kando ya kitunguu chake.

“Vem har ritat draken?”

“Mimi ndiye niliyelichora. Nilitaka babu yako awemo.”

Akaligusa joka kwa kidole. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno, “Na yeye... akawemo?”

Sinki lilikuwa limejaa. Nikafungua maji ya moto, nikaosha sahani ya kwanza, nikamwekea mikononi pamoja na kitambaa.

“Kausha, mwanangu,” nikamwambia.